Kulinganisha rejista za pesa za wazee: shajara ya mradi

14 Januari 2025. Tunachojenga

Mradi huu unatengeneza zana ya kulinganisha orodha ya wanaopokea pesa za wazee za Inua Jamii nchini Kenya na rejista nyingine mbili za umma: rejista ya vifo, na orodha ya wanaolipwa pensheni ya serikali. Malipo ni KSh 2,000 kwa mwezi, kwa aliyetimiza miaka 70 na ambaye hapokei pensheni ya serikali. Udanganyifu tunaoutafuta ni wa aina mbili: pesa zinazoendelea kutolewa kwa jina la marehemu, na pesa zinazomfikia mtu ambaye tayari ana pensheni.

Aina ya tatu, umri ulioongezwa, tumeiacha makusudi. Wazee wengi wa rika hilo walikadiriwa mwaka wa kuzaliwa walipochukua kitambulisho, na rejista zote zimenakili kadirio hilohilo. Ukilinganisha nakala mbili za kadirio moja hujathibitisha lolote.

Data yote tunayotumia ni bandia. Tumeizalisha kwa programu: wanufaika 20,000, vifo 4,000, wastaafu 3,000, kwa majina ya mtindo wa Kilifi na Mombasa. Ndani yake tumepanda marehemu 240 ambao bado wako kwenye orodha ya malipo, na wastaafu 60. Kwa kuwa tunajua ni nani hasa tuliowapanda, kila njia tunayoijaribu inaweza kupimwa: imewapata wangapi, na imewasingizia wangapi. Hili la pili ndilo linalotushughulisha zaidi. Mzee aliyesingiziwa kuwa amekufa hukosa unga wa mwezi huo, na anayepaswa kusafiri hadi ofisini kuthibitisha kwamba yu hai ni yeye mwenyewe.

27 Januari. Karatasi kabla ya kompyuta

Ofisi itakayoiga kazi hii kwa data halisi ianzie hapa. Kisheria mambo ni haya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu kuchukua taarifa za mtu kutoka chanzo kingine inapohitajika kugundua au kuchunguza uhalifu. Ruhusa hiyo haifuti masharti mengine. Kazi yenye hatari kubwa kwa haki za watu inahitaji tathmini ya athari chini ya kifungu cha 31, na ripoti yake hupelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kazi kuanza. Ziweke siku hizo 60 kwenye ratiba tangu mwanzo. Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kitambulisho cha kidijitali, ilikwama hapo: tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utekelezaji wake kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa kwanza.

Usajili wa ofisi ya umma kwa Kamishna ni KSh 4,000 na hudumu miezi 24. Ombi la kupewa data liwe la maandishi, nalo litaje lengo, muda wa kuitunza na namna itakavyolindwa.

Orodha ya safu tulizoomba kutoka rejista ya vifo tuliipunguza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sababu ya kifo. Safu hiyo haisaidii kulinganisha chochote, na ni taarifa ya afya inayoweza kuifichua familia nzima. Zimebaki nambari ya kitambulisho, majina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kata ndogo na tarehe ya kifo; tena kwa waliofariki wakiwa na miaka 65 na zaidi tu. Tumeanzia 65 ili kukosea kidogo kwa umri kusimwache mtu nje.

11 Februari. Kusafisha nambari za vitambulisho

Kati ya marehemu 240 tuliowapanda, 150 wana nambari ya kitambulisho kwenye rekodi ya kifo. Wengine 90 hawana, kwa kuwa kifo cha nyumbani kinaporipotiwa kwa naibu chifu mara nyingi kitambulisho hakipatikani siku hiyo. Ulinganishaji wa kwanza, nambari kwa nambari bila kusafisha, ulipata 112.

Sababu tatu zilikuwa nyepesi. Ofisi moja hujaza sifuri mbele hadi zitimie tarakimu 8, nyingine haijazi. Kuna nafasi tupu mwishoni mwa nambari, na kuna ile nafasi isiyovunjika inayotokana na kunakili kutoka ukurasa wa wavuti, ambayo macho hayaioni na amri ya kawaida ya kuondoa nafasi katika Excel haiigusi. Na kuna kistari cha juu kilichowekwa mbele ya nambari ili Excel iichukulie kama maandishi.

Sababu ya nne ni hatari, na inafaa kuelezwa kwa urefu. Faili ilisomwa kwa pandas, zana ya Python ya kuchambua data, bila kutaja aina ya safu. Pandas ikikuta safu ya nambari yenye visanduku vitupu huigeuza kuwa ya desimali, hivyo 1234567 huwa 1234567.0. Kisha hatua yetu ya kuondoa kila kisicho tarakimu ikaondoa nukta na kuacha sifuri: 12345670. Nambari ya zamani ya tarakimu 7 imegeuka nambari ya tarakimu 8 yenye sura kamili ya kitambulisho, na ni ya mtu mwingine kabisa. Hakuna onyo lolote linalotokea. Wazee ndio wenye nambari fupi za zamani, kwa hiyo kosa hili huwapiga hasa walengwa wa mpango huu, na matokeo yake ni mtu aliye hai kubandikwa kifo cha mwingine.

Tiba: soma kila safu kama maandishi tangu kufungua faili (`dtype=str`). Kisha fuata mpangilio huu, usiubadilishe: ondoa visivyo tarakimu, ondoa sifuri zote za mbele, iliyobaki ikiwa chini ya tarakimu 5 au zaidi ya 8, ipeleke kwa mtu aikague. Tunaondoa sifuri badala ya kujaza kwa sababu huwezi kujua kila ofisi ilijaza hadi tarakimu ngapi.

Zikatae pia nambari za kujazia nafasi, kama 99999999 na 12345678, ambazo karani huandika fomu inapogoma kuendelea bila nambari. Nambari moja ya aina hiyo ikiwa kwenye rekodi 40 upande huu na 15 upande ule, inazaa jozi 600 za uongo kwa mkupuo.

Baada ya kusafisha, 147 kati ya 150 wamepatikana. Watatu waliobaki tarakimu zao mbili zimepishana nafasi, nao wameingia kundi la majina.

25 Februari. Heshi isiyoficha kitu

Wazo lilikuwa ofisi mbili zilinganishe nambari bila kuonyeshana: kila moja inaisaga nambari kwa SHA-256, kanuni inayogeuza maandishi kuwa msimbo (heshi), na kupeleka matokeo tu. Limeshindwa. Nambari za tarakimu 8 haziwezi kuzidi milioni 100, na kompyuta ya kawaida ya mkononi inaweza kuzisaga zote na kujenga jedwali la kurudia nyuma kwa muda mfupi sana. Yeyote atakayeipata faili anazirudisha nambari zote.

Tumehamia HMAC-SHA256, yaani heshi yenye ufunguo wa siri ambao ofisi mbili pekee zinao. Ufunguo ni baiti 32 za nasibu, unapelekwa kwa njia tofauti na ile ya faili, na kila mzunguko wa ulinganishaji una ufunguo wake. Hesabu yenyewe inafanywa na mtu wa tatu asiye na ufunguo: anaona heshi zipi zimelingana, hajui ni za nani.

Angalizo moja: heshi haisamehe. Nafasi moja tupu mwishoni na matokeo yanatofautiana kabisa. Kwa hiyo ofisi zote mbili zitumie programu moja ya kusafisha, toleo lilelile, na kabla ya kazi zibadilishane rekodi za majaribio 20 ili kuhakikisha heshi zao zinafanana.

18 Machi. Majina

Rekodi 93 zimebaki: 90 zisizo na nambari na zile 3. Hapa heshi hazitufai, kwa kuwa majina hayaandikwi sawa mara mbili. Hatua hii inafanyika ndani ya ofisi yenye orodha ya wanufaika, kwa rekodi zilizobaki pekee.

Jaribio la kwanza lilitumia Soundex, kanuni ya kugeuza jina kuwa msimbo kulingana na sauti yake, ambayo iko tayari katika hifadhidata nyingi. Hati miliki yake ni ya 1918 na ilitungwa kwa majina ya Marekani. Kwa majina ya Pwani inatenganisha pacha na kuunganisha wageni. Karisa ni K620, Kalisa ni K420, ilhali ni jina moja lililoandikwa na makarani wawili. Khamis ni K520, Hamisi ni H520, kwa sababu herufi ya kwanza haibadilishwi. Upande wa pili, Sidi na Saidi wote ni S300: mmoja ni bibi wa Kigiriama, mwingine ni mzee wa Kiislamu. Salim, Salum na Salma wote S450. Na kwa kuwa msimbo hukatwa baada ya alama nne, Abdalla, Abdulrahman, Abdulaziz na Abdulkadir wote huishia A134.

Tulipounganisha Soundex ya majina mawili na mwaka wa kuzaliwa, zilitoka jozi zaidi ya 2,300 na za kweli ndani yake zilikuwa 58. Orodha kama hiyo haifai kupelekwa kwa afisa yeyote. Ataipitia siku mbili, kisha aanze kuamini kila kitu au asiamini chochote.

Tumeiacha Soundex na kuandika kanuni zetu. Kh mwanzoni huwa h. Dz huwa z, ili Kadzo na Kazo wakutane. R na l zinahesabiwa moja zikiwa kati ya irabu. Konsonanti pacha zinakuwa moja. I na u za mwisho wa majina ya Kiarabu zinaondolewa kwa orodha maalumu, wala si kwa kanuni ya jumla, la sivyo Sidi anaharibika. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Moh'd wako kwenye jedwali lao dogo.

Vyeo vilileta tabu. Kuondoa Bi, Mama, Mwalimu na Mzee popote vilipo kuliharibu majina halisi, maana Mzee ni jina kamili la watu huku Pwani. Sasa cheo kinaondolewa tu kikiwa cha kwanza na kikifuatwa na majina mawili au zaidi.

Kosa zito kuliko yote lilitoka kwenye kupanga majina kialfabeti, mbinu inayopendekezwa mara nyingi ili mpangilio wa majina usisumbue. Kwa Wagiriama mtoto huitwa jina la babu. Kahindi mwana wa Charo akizaa mtoto, anamwita Charo. Baba ni Kahindi Charo, mwana ni Charo Kahindi. Ukiyapanga kialfabeti, wote wawili ni Charo Kahindi, na baba wa miaka 92 na mwanawe wa miaka 71 wote wana haki ya kuwa kwenye orodha. Baba akifariki, programu inamuua mwana. Katika data yetu baba na mwana wa namna hiyo walikuwa chimbuko kubwa la jozi za uongo kuliko makosa yote ya tahajia yakijumlishwa.

Marekebisho: mpangilio wa majina sasa una uzito wake. Majina yaliyobadilishana nafasi hayakataliwi, lakini yanapunguziwa alama, na tofauti ya mwaka wa kuzaliwa ikizidi 7 jozi inaondoka. Jinsia ikipingana inashusha alama sana bila kuiua jozi, kwa kuwa karani naye hukosea kisanduku.

3 Aprili. Watu waliozaliwa tarehe 1 Januari

Alama za jozi tunazihesabu kwa Splink, programu huria iliyoanzia Wizara ya Sheria ya Uingereza, inayofuata nadharia ya Fellegi na Sunter ya 1969. Msingi wake ni rahisi: kila kipengele kinachofanana kina uzito kulingana na jinsi kilivyo nadra. Katika watu wa kawaida, wawili wasiohusiana kulingana siku na mwezi wa kuzaliwa ni bahati ya 1 kati ya 365. Tukichukulia kwamba rekodi mbili za mtu mmoja zinakubaliana asilimia 95 ya mara, uzito unakuwa log2 (logariti ya msingi wa 2) ya 347, yaani 8.4.

Lakini mzee aliyekadiriwa mwaka tu huandikiwa 1 Januari. Tumeiga hali hiyo kwa kuwapa asilimia 40 ya watu wetu tarehe hiyo. Sasa wawili wasiohusiana wanalingana kwa bahati 0.4 mara 0.4, yaani asilimia 16, na uzito wa haki ni log2 ya 5.9, yaani 2.6. Mpangilio wa awali ulikuwa unaupa ulinganifu huo thamani ya karibu mara 60 kupita inavyostahili. Jozi nyingi zilizoonekana madhubuti zilikuwa zimesimama juu ya 1 Januari peke yake.

Tulichofanya: mwaka umetenganishwa na siku na mwezi, na tarehe 1 Januari, 1 Julai na 31 Desemba zinahesabiwa kama hakuna tarehe. Miaka inayoishia na 0 au 5 nayo ina uzito mdogo, maana makadirio hupenda kuangukia hapo.

Kwa kanuni mpya za majina na uzito huu, orodha imeshuka hadi jozi 104, za kweli zikiwa 79. Pamoja na zile 147 za nambari, tumewapata 226 kati ya 240. Waliobaki 14 wana jina moja tu au umri uliokosewa kwa miaka kumi na zaidi. Tumewaacha. Kila tuliposhusha kiwango ili tuwafikie, jozi za uongo ziliongezeka kwa mamia.

Jozi 25 kati ya 104 si za kweli, karibu moja kati ya nne, na hii ni data tunayoijua hadi ndani. Ndiyo maana zana haina kitufe cha kusimamisha malipo, na hatutaongeza hata tukiombwa.

22 Aprili. Mwezi wa haki na siku ya malipo

Ulinganishaji wa awali ulihesabu kila pesa iliyotoka baada ya tarehe ya kifo kuwa hasara. Si kweli. Malipo ya Julai na Agosti yakichelewa hadi Oktoba, na mzee akafariki Septemba, zile KSh 4,000 ni haki yake na ni za warithi wake. Swali sahihi ni kama mwezi unaolipiwa ulianza baada ya kifo. Rejista ya malipo lazima ibebe safu mbili: mwezi wa haki na siku ya malipo. Ikiwa na siku ya malipo tu, usilinganishe na vifo hadi safu hiyo ipatikane.

Kosa la jamaa hiyo liko upande wa pensheni. Mjane anaweza kulipwa malimbikizo ya marehemu mumewe mara moja kisha asipate tena. Programu ikichukua jumla ya mwaka na kuigawa kwa miezi 12, inamwonyesha kama mstaafu wa kila mwezi. Australia iliifanya hesabu hiyohiyo kwa mapato ya kodi katika mpango uliojulikana kama Robodebt: mtu aliyepata dola 26,000 katika nusu ya mwaka na kukosa kazi nusu nyingine alionekana kupata dola 1,000 kila wiki mbili mwaka mzima, akadaiwa msaada aliopokea kihalali. Ripoti ya tume ya uchunguzi ilitoka Julai 2023, baada ya serikali kurudisha mamia ya mamilioni ya dola. Sisi tunalinganisha mwezi kwa mwezi, na mtu haingii kwenye orodha mpaka aonekane na pensheni katika miezi mitatu mfululizo. Wastaafu wote 60 wamepatikana kwa nambari.

Simu moja inayopokea pesa za wazee wengi tumeiondoa kabisa kwenye vigezo. Mara nyingi ni ya mjukuu mwenye simu nzuri pale nyumbani.

14 Mei. Karatasi anayoipokea mzee

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake, na Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 inataka taarifa na sababu za maandishi. Rasimu ya kwanza ya barua ilitimiza yote mawili na bado ilikuwa mbaya: ilianza na maneno "uchunguzi wa ulaghai". Familia ikisoma hivyo inakwenda kumtafuta wakili au inanyamaza. Iliyopo sasa inasema hivi:

*"Rekodi yako ya pesa za wazee inafanana na rekodi nyingine ya serikali. Huenda ni majina kufanana tu. Malipo yako hayajasimamishwa. Afisa atakuja kwako pamoja na mjumbe wa kamati ya wanufaika. Tafadhali weka kitambulisho karibu. Kama aliyetajwa ametutoka, poleni sana. Mtuambie tarehe, nasi tutawaeleza haki za familia."*

Sentensi ya tatu isihamishwe ikapelekwa chini. Ndiyo inayomtuliza msomaji aendelee.

Utaratibu wa kuthibitisha nao umebadilishwa. Kumpigia naibu chifu na kumuuliza "fulani yu hai?" hakufai: anajibu kwa kumbukumbu, na pengine ndiye aliyeandika rekodi ya kifo yenye utata. Fomu inahitaji watu wawili wamwone mzee kwa macho, wasaini wote wawili, na waandike wameona nini. Alama za vidole zisiwe sharti. Vidole vilivyolima na kufua kwa miaka 70 husomeka kwa shida.

3 Juni. Gharama na kinachofuata

Programu zote ni huria. Tumepanga KSh 600 kwa kila ziara, nauli ya boda kwenda na kurudi kwa watu wawili. Jozi 251 za vifo (147 za nambari na 104 za majina) zinahitaji KSh 150,600. Marehemu 226 waliopatikana wanawakilisha KSh 452,000 kwa mwezi, hivyo ziara zote zinajilipa ndani ya mwezi mmoja, na hoja ya kwamba ni ghali kumtembelea kila mtu haisimami. Sura ya data halisi itakuwa nyingine, lakini fomula ni ileile na iko kwenye jedwali la mradi.

Faili za heshi na ufunguo wa mzunguko huu vimefutwa. Imebaki kumbukumbu ya nani alifungua nini na lini.

Hatua inayofuata ni kuendesha zana hiihii kinyume: kuchukua rejista ya watu, kuwachagua wenye miaka 70 na zaidi wasio na rekodi ya kifo wala pensheni, na kuangalia nani hayumo kwenye orodha ya malipo. Kanuni za majina hazibadiliki. Kuhusu kiwango cha kukata, kama kwenye vifo, hapa pia jozi yenye shaka ihesabiwe kama haipo, ili mzee aliyesahauliwa asifichwe na wa jina lake. Kwenye data bandia tutapanda 300 wa namna hiyo.